Bastola ya Dongobesh na Mwaka Uliochorwa Juu Yake

Nalipoombwa kuandika habari za vita kuu ya kwanza katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang kwa ajili ya kitabu hiki cha yubile, naliona kazi ni nyepesi. Karibu na Dongobesh palikuwa na nyumba yenye bastola ya kale, na wenyewe husema kwamba babu yao, aliyekuwa mpagazi wa vita, aliitwaa kwa ofisa wa Kidachi mwaka 1916, Wadachi walipoliacha boma la Mbulu. Habari hiyo nimewafundisha watoto wa shule kwa miaka mitatu. Ni habari tamu, lakini si kweli.

Kwamba vita ilipita huku, hapana shaka. Aprili 1916 jeshi la Waingereza chini ya jenerali van Deventer lilitoka Arusha, likaushika mlima wa Lolkisale, likapita Ufiome, hata tarehe 19 likaingia Kondoa Irangi katika mvua za masika, farasi wakifa njiani kwa wingi. Wapagazi walichukuliwa pande zote mbili, na wengi hawakurudi makwao. Basi babu yule kuwa mpagazi ni jambo la kusadikika.

Wajukuu wakanijia wakasema, "Mwalimu, wewe wasoma hata Kilatini, njoo utusomee chuma hiki kimeandikwa nini." Nikawajibu kwamba kabla ya kusoma neno lolote, chuma hicho kiondoke sandukuni, maana sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kurithi bastola kama arithivyo ng'ombe. Walikasirika. Mkubwa wao alidhani nataka kuwanyang'anya sifa ya ukoo, na kwa wiki nyingi hakunisalimu. Hata mwezi wa Septemba, ambao Umoja wa Afrika umeuweka kuwa mwezi wa msamaha kwa wasalimishao silaha, tukaenda pamoja polisi. Askari wa zamu akahakikisha haina risasi, akaifungua mbele yetu, nami nikanakili alama zote katika daftari.

Ilifunguka kwa kukunjika. Ukisukuma kishikizo cha ubavuni, mtutu huinama mbele, na kinyota cha chuma huyatoa maganda sita yote mara moja. Hapo shaka yangu ilianza. Bastola ya kale ya jeshi la Ujerumani, ile ya mwaka 1879 na ndugu yake fupi wa mwaka 1883, haikunjiki hivyo. Hutiwa risasi moja moja kwa kijilango cha ubavuni, na maganda husukumwa nje moja moja vilevile. Tena tangu mwaka 1908 jeshi lao lilikuwa na bastola ya namna nyingine, isiyo na gurudumu, ambayo risasi zake hukaa ndani ya mpini. Hii yetu iliandikwa Webley, Mark VI. Ni kazi ya Birmingham, nayo jeshi la Uingereza liliikubali Mei 1915. Mtutu wake una inchi sita, na mpini wake umekatwa mraba, hali wa zile za kwanza umepinda kama mdomo wa ndege.

Mtu aweza kusema, Mdachi aliiteka kwa Mwingereza. Naam, Wadachi walitumia sana silaha za kuteka. Lakini karibu na jina la Webley palichorwa mwaka: 1918. Hata Naumann, aliyerudi kaskazini na kikosi chake mpaka Ikoma mwaka 1917, alikuwa amekwisha kusalimu amri mwanzo wa Oktoba mwaka uleule. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1918 haikutekwa Mbulu mwaka 1916.

Palikuwa na alama nyingine ndogo, ambayo nusura niiruke: vishale viwili vinavyokutana ncha kwa ncha. Kishale kimoja ni alama ya mali ya Serikali ya Kiingereza. Viwili vikikutana hivyo, maana yake Serikali imeiuza. Basi bastola hii ilitoka jeshini kwa kuuzwa, ikawa mali ya mtu.

Tuliporudi, nikawasomea daftari wale ndugu, wakanyamaza. Shangazi yao, binti wa babu yule, ambaye sasa ni ajuza wa miaka zaidi ya tisini, alikuwa ameketi kando akichambua maharage. Akasema, "Baba aliileta kutoka Oldeani, ndani ya mfuko wa ngozi. Mimi nilikuwa nimeanza kuchunga ndama. Bwana wake wa kahawa alikuwa amechukuliwa na Serikali."

Oldeani siku zile ilikuwa katika wilaya ya Mbulu, na masetla wengi wa huko walikuwa Wajerumani. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali iliwakamata na kuyashika mashamba yao. Kwa hiyo naona Mdachi wa habari ile alikuwapo kweli, na kuondoka kwake kulikuwapo, ila vita ni ile nyingine. Kama babu alipewa bastola aitunze, au aliiokota katika nyumba tupu, shangazi hakuambiwa.

Mkubwa wa ndugu akamwuliza, "Shangazi, mbona miaka yote hii hukusema?"

Akajibu, "Mlikuwa mkiulizana ninyi wanaume. Mimi hamkuniuliza." Akaendelea na maharage yake.