Kaseti Zisizo na Majina

Historia ya michezo ya televisheni huandikwa kana kwamba ilichezwa katika miji miwili mitatu tu: Kyoto, Tokyo na New York. Nimesoma vitabu vyake kadhaa, na kila nikifika ukurasa wa mwisho hujiuliza sisi tulikuwa wapi. Maana tulikuwapo. Mtoto wa Ilala, wa Eastleigh au wa Ng'ambo aliyekuwa na umri wa miaka kumi mnamo 1995 huenda anaijua mashine ya Kijapani iitwayo Famicom kama anavyoijua njia ya kwenda shuleni kwao, ila jina hilo hajapata kulisikia. Yeye aliiita "TV game", basi, akamaliza.

Mimi ni mpenzi wa mashine hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, na ninayo maoni yangu juu yake ambayo hayatawapendeza wote. Lakini kwanza tuyaeleze mambo yalivyokuwa.

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Karibu karne nzima baadaye mkuu wake, Hiroshi Yamauchi, alimwagiza mhandisi Masayuki Uemura atengeneze mashine ya kuchezea nyumbani, iwe ya bei nafuu, na iwe ya namna ambayo washindani wasingeweza kuiiga kwa walau mwaka mmoja. Famicom ikaanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, kwa yeni 14,800. Mwaka huohuo biashara ya michezo hiyo nchini Marekani ilikuwa ikiporomoka vibaya, na Atari ilifikia kufukia shehena ya kaseti zake jangwani New Mexico. Ndiyo maana Nintendo ilipoipeleka mashine yake Marekani mwaka 1985 iliivika boksi la kijivu, kaseti ikawa inaingizwa kwa mbele kama tunavyoingiza mkanda ndani ya deki, ili wenye maduka wasitambue kuwa ni yaleyale yaliyowatia hasara.

Umaskini wa mashine ile unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio uliozaa uzuri wake. Ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha moja unayotumiwa leo kwenye simu ingehitaji makumi ya mashine kama hizo kuibeba. Haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 8 vinavyotembea katika mstari mmoja wa skrini; vikizidi, vingine havichorwi, na watunzi walivipokeza zamu ili kila kimoja kionekane kwa nukta ya muda. Hiyo ndiyo sababu maadui wakijazana walikuwa wakipepesa. Sisi tulidhani umeme ni mdogo.

Super Mario Bros., uliotoka Septemba 1985 chini ya usimamizi wa Shigeru Miyamoto, umeingia wote katika kilobaiti 40, pamoja na muziki wa Koji Kondo. Ili kubana nafasi, mawingu na vichaka vya mchezo ule ni mchoro mmoja. Kilichobadilishwa ni rangi tu. Watu wazima wa Ulaya na Marekani huelezwa habari hii leo wakashika vichwa kwa mshangao. Sisi tuliocheza kwa televisheni ya nyeusi na nyeupe tuliliona jambo hilo siku ya kwanza, na hatukuona ajabu yoyote.

Sasa, mashine hii ilitufikiaje? Ile ya Marekani ilitiwa kidude cha ndani cha kukagua kaseti, kisichokubali kaseti isiyo na ruhusa. Famicom ya Japani haikuwa na kidude hicho. Ilikuwa nyumba isiyo na komeo, na mafundi wa Taiwan na Hong Kong wakaingia. Yamauchi alitaka isiigwe kwa mwaka mmoja. Ikaja kuigwa kwa miongo. Nakala zake zilisambaa Urusi, Poland, Bara Hindi, Amerika ya Kusini na Afrika, kila mahali kwa sura na jina jingine.

Kwetu Tanzania Bara zilitukuta katika wakati wa pekee. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Kabla ya hapo, mtu mwenye televisheni aliinunua kwa ajili ya deki. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mtaani kwetu, Mario na taarifa ya habari viliingia sebuleni karibu pamoja, na nathubutu kusema kuwa kwa sisi watoto aliyetangulia kuheshimiwa alikuwa Mario.

Nyumbani kwetu haikuwapo. Tulikuwa tukilipa kwa nusu saa, katika chumba cha nje cha jirani, mimi na kaka yangu tukigawana pedi mbili na joto la watoto kumi na watano waliotusimamia mgongoni. Kaseti ilikuwa imeandikwa kwa majivuno kuwa ina michezo 9999. Tuliihesabu jioni moja, kaka akipitisha orodha na mimi nikichora vijiti kwenye daftari la hesabu: michezo ishirini na mmoja. Iliyobaki ilikuwa ileile, mara inaanzia hatua ya tatu, mara shujaa anaanza na bunduki nyingine. Na jambo moja zaidi, ambalo sikulitilia maanani wakati ule: mingi haikuwa na jina la mtu wala la kampuni. Pale ambapo mtengenezaji angeandika jina lake na mwaka, palikuwa peupe. Wanakili walikuwa wamepafuta.

Hapo ndipo penye maoni yangu ya kwanza. Wapo wanaosema kuwa wanakili wale walikuwa wezi, na wapo wanaosema kuwa walikuwa wakombozi wa watoto wa maskini. Walikuwa yote mawili. Bila wao nisingeushika mchezo hata mmoja, kwa kuwa mashine halali haikuwa ikiuzwa mtaani kwetu, na kama ingeuzwa baba asingeinunua. Hilo nawashukuru. Lakini kunakili ni jambo moja, na kufuta jina ni jingine. Anayekuibia embe amekula embe. Anayesema mwembe haukupandwa na mtu, huyo amekuibia zaidi.

Maoni ya pili yanahusu michezo yenyewe. Vitabu vyote humweka Mario juu, na The Legend of Zelda wa 1986 karibu yake. Zelda sisi hatukuujua. Ni safari ndefu inayohitaji kuhifadhiwa ili uendelee kesho, na kaseti zetu za michezo 9999 hazikuwa na betri ya kuhifadhia chochote. Kila jioni dunia ilianza upya. Kwa hiyo tulilelewa na michezo mifupi, ya kumalizana papo kwa papo, na kati ya hiyo naushika mmoja na kusema ndio bora kuliko yote: Battle City wa kampuni ya Namco, 1985.

Kila aliyeucheza anaujua kwa jina la "vifaru". Uwanja ni mmoja, hauzidi skrini. Chini katikati kuna tai anayelindwa kwa ukuta wa matofali. Vifaru 20 vya adui vinashuka kutoka juu, na wewe na mwenzako mnavizuia. Risasi inabomoa tofali, haibomoi chuma. Kanuni zote unazijua katika dakika moja, kisha unakaa nazo mwaka mzima. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya hafi, bali anaganda kidogo, na katika kuganda huko tai anauawa. Ugomvi wangu na kaka yangu umeanzia hapo mara nyingi kuliko penginepo. Contra wa Konami una sifa kubwa, nami sibishi kwamba unasisimua, lakini ni mchezo wa kukariri: ukishajua adui anatokea wapi, umebaki kufuata. Ice Climber nao siupendi, na sitaomba radhi. Mchezo wa kuruka ambamo kuruka kwenyewe hakukutii ni sawa na jembe lisilo na mpini. Katika vifaru, hakuna siku mbili zinazofanana.

Zaidi ya hayo, Battle City una sehemu ya kujijengea uwanja wako. Wenzetu waliitumia kujenga ngome. Sisi tuliandika majina yetu kwa matofali, kisha tukapigana juu yake, herufi zikibomoka moja moja. Mashine ikizimwa, majina yalipotea.

Basi mchezo huu, unaojulikana kuanzia Moscow hadi Mbagala, haukuuzwa rasmi Marekani kwa mashine hii hata mara moja. Ndiyo maana katika historia zinazoandikwa huko hutauona, au utapewa mstari mmoja. Circus Charlie wa nyani na farasi, vivyo hivyo. Historia imeandikwa kwa kufuata risiti, na sisi hatukuwa na risiti.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuwatafuta watunzi, na hapo nikakuta kuwa si wanakili peke yao waliofuta majina. Kampuni zenyewe zilitangulia. Atari haikutaka mtunzi atajwe. Warren Robinett alificha jina lake ndani ya chumba cha siri cha mchezo wake Adventure. Kampuni za Kijapani nazo ziliwataka watunzi watumie majina ya utani, zikihofia kuwa washindani wangewanyang'anya mafundi wao. Alexey Pajitnov alibuni Tetris mjini Moscow mwaka 1984, dunia nzima ikaucheza, naye akaanza kupata haki yake mwaka 1996. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alipokuwa akiandaa Gradius kwa ajili ya Famicom mwaka 1986, aliuona mgumu mno kuujaribu, akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mpangilio huohuo ndio uliotupa maisha 30 katika Contra. Ulitufikia kwa mdomo, kama kitendawili, kutoka kwa mtoto mmoja wa mtaa wa pili aliyeapa kuwa aliugundua mwenyewe. Hashimoto alifariki Februari 2020.

Na katika Battle City, msomaji, mna ujumbe uliofichwa. Haufunguki ila kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio mrefu ambao hakuna angeubahatisha. Unasema kuwa programu hii imeandikwa na fulani, kwa jina lake la utani, na kwamba anampenda msichana fulani, ambaye huyo amemtaja kwa jina halisi. Mara ngapi tumeishika kaseti ile, tukaipuliza vumbi, tukaipigapiga, na maneno hayo yakiwa ndani!

Nintendo iliacha kutengeneza Famicom mwaka 2003, miaka ishirini baada ya kuianza. Uemura alistaafu, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto, akifundisha habari za michezo hiyo. Alifariki Desemba 2021, akiwa na miaka 78. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia simu kaka yangu, ambaye siku hizi ana gereji Morogoro na hana muda wa mambo haya. Nikamwambia, kaka, yule mzee aliyetengeneza TV game amefariki.

Kelele za gereji zilisikika kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa na mwenyewe?"