Matiti yasiyolingana

Matiti yasiyolingana ni hali ya titi moja kuwa kubwa kuliko jingine au kukaa chini zaidi. Wanawake wengi wanayo kwa kiasi fulani, na si ugonjwa. Mara nyingi huonekana wakati wa kubalehe, titi moja likitangulia kukua. Kunyonyesha zaidi upande mmoja nako huleta tofauti. Sababu adimu ni sindromu ya Poland, iliyoelezwa na Alfred Poland wa London mwaka 1841, ambapo msuli wa kifua haukui vizuri au hukosekana upande mmoja. Sidiria yenye pedi huwatosha wengi. Upasuaji hupunguza titi kubwa au hukuza dogo, kwa kawaida baada ya ukuaji kukoma. Titi lililobadilika ghafla, hasa lenye uvimbe, lichunguzwe na daktari mapema.