Chui haonekani, punda milia anaonekana: umbali una kazi gani?

Msikilizaji wetu mmoja anayechunga mbuzi alituuliza: inakuwaje mtu ampite chui karibu kabisa mchana kweupe asimwone, lakini punda milia amwone kutoka ng'ambo ya mbuga? Muda wa kipindi uliisha kabla hatujamaliza, kwa hiyo tunaendelea hapa.

Kwa karibu, madoa ya chui huvunja umbo lake. Jicho linatafuta mgongo, mguu na kichwa, linakuta vipande vya kivuli na majani makavu. Kwa mbali madoa hayatambuliki tena. Yanachanganyika na manyoya kuwa rangi moja, kama ya nyasi kavu. Rangi hiyo nayo inafanana na mahali anapojificha, hivyo chui anafaidika mbali na karibu.

Punda milia hana bahati hiyo. Mwaka 2016 Amanda Melin, Tim Caro na watafiti wenzao walichapisha utafiti uliotumia picha zilizopigwa hapa Tanzania, wakikadiria jinsi simba na fisi wanavyoziona. Mchana, ikizidi mita 50, milia ni vigumu kwao kuitambua. Wakati wa magharibi umbali huo hushuka hadi mita 30, na usiku usio na mwezi ni mita 9 hivi. Na kwenye mbuga isiyo na miti, simba anaona umbo la punda milia kama anavyoona la mnyama mwingine wa ukubwa huo. Akishafika karibu kiasi cha kuona milia, huenda ameshamsikia na kumnusa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba milia ni ya kujificha. Utafiti huu haukuiunga mkono hoja hiyo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu nzi wanaouma. Mwaka 2019, nchini Uingereza, Caro na wenzake waliwavisha farasi mavazi yenye milia. Nzi waliwajia kama kawaida, ila walipokaribia wengi walishindwa kutua.

Turudi kwa mbuzi. Mbuzi, kama ng'ombe na swala, hatofautishi nyekundu na kijani kama sisi. Ile rangi ya chui inayotuvutia, kwake inakaribiana sana na ya majani. Asipomnusa wala kumsikia, chui aliyetulia anaweza kumpita macho kabisa. Akisogea ndipo siri inapovuja, na ndiyo maana hunyata hatua moja moja, akisimama.

Sisi binadamu mchana tunamshinda simba kwa kuona vitu vidogo vya mbali. Giza likiingia, yeye ndiye anayetushinda, maana macho yake yanatumia mwanga kidogo sana.

Chui hategemei mbio ndefu. Hupenda kufika mita chache tu kutoka kwa windo ndipo aruke. Kwa hiyo kichaka kilichogusana na zizi ni cha kufyekwa, na mtoto asiachiwe kurudisha mifugo peke yake magharibi. Njia ya wazi, hata kama ni ndefu, ni bora kuliko ya mkato katikati ya vichaka. Piga tochi mbele kabla hujapita: macho ya chui hurudisha mwanga hata kama madoa yamemficha. Ukiyaona, usikimbie. Rudi nyuma polepole, kisha uwajulishe viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori walio karibu.