Mazoezi ya nje ya msimu

Mazoezi ya nje ya msimu ni mazoezi ya mwili ambayo mwanamichezo huyafanya katika kipindi kisicho na mashindano. Lengo lake ni kupumzisha mwili uliochoka, kuponya majeraha, kulinda pumzi na nguvu, na kuandaa viungo kwa msimu unaofuata. Hufanywa na wachezaji wa kulipwa, wanafunzi wa vyuo na pia wanafunzi wa shule.

Sehemu za mwaka wa mwanamichezo

Walimu wa michezo huugawa mwaka katika sehemu tatu: msimu wa mashindano, kipindi cha mapumziko, na kipindi cha maandalizi. Mapumziko si kulala tu. Mchezaji huacha mchezo wake kwa muda na kufanya kazi nyepesi kama kutembea, kuogelea au kuendesha baiskeli. Katika maandalizi, mazoezi huongezwa kidogo kidogo hadi mwili ufikie kiwango cha mashindano.

Mwili usipofanya kazi hupoteza ulichokipata. Uwezo wa kutumia oksijeni, ambao watu huuita pumzi, huanza kushuka baada ya takriban wiki 2 hadi 4 bila mazoezi. Nguvu za misuli hudumu zaidi, na zinaweza kulindwa kwa kikao kimoja au viwili kwa wiki. Kwa sababu hiyo, mazoezi machache yanayofuata ratiba yana faida kuliko mengi yanayofanywa siku chache kabla ya mashindano.

Mfano wa kwotabeki

Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira kwa wenzake. Watu wengi hudhani nguvu yake iko mkononi. Kwa kweli mrusho huanza miguuni, hupita kwenye nyonga na kiwiliwili, kisha humalizikia begani na mkononi. Nyonga au mgongo ukiwa mgumu, bega na kiwiko hulazimika kufanya kazi isiyo yao, na huko ndiko majeraha yanakoanzia. Warusha mkuki hufuata kanuni hiyohiyo.

Msimu wa vyuo vikuu vya Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na mechi za mwisho huchezwa Januari. Baada ya hapo kwotabeki huinua vyuma na kufanya mazoezi ya unyumbufu wa nyonga, mgongo wa juu na mabega. Katika majira ya kuchipua timu huruhusiwa vikao 15 vya mazoezi ya uwanjani. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini humo, huweka kikomo cha saa za mazoezi ili mwanafunzi apate muda wa kusoma.

Wanamichezo wa Tanzania

Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mkimbiaji wa chuo cha Marekani ana misimu mitatu kwa mwaka: mbio za nyika, mbio za ukumbini na mbio za uwanjani, hivyo kipindi chake cha mapumziko ni kifupi. Mwaka 1980 Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, na mwezi Novemba mwaka huohuo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani.

Katika soka, klabu za Ligi Kuu ya Tanzania Bara huweka kambi ya maandalizi kabla ya msimu mpya. Simba ya Dar es Salaam iliweka kambi Misri mwaka 2022 na Uturuki mwaka 2023.

Mazingira ya shule

Kwa wanafunzi wa sekondari mashindano makubwa ni UMISSETA, ambayo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Sehemu kubwa ya mwaka inayobaki ni nje ya msimu. Katika kata za mashambani kama Kikole, Wilaya ya Kilwa, mwanafunzi hana chumba cha vyuma wala mtaalamu wa viungo. Hata hivyo hakai bure. Kulima kwa jembe na kutembea mwendo mrefu hulinda nguvu za mgongo na miguu, ila hakuuzoeshi mwili kukimbia kwa kasi, kusimama ghafla na kugeuka. Mchezaji wa soka au netiboli huumia goti au kifundo cha mguu katika matendo hayo. Wasichana huumia ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule.

Programu ya FIFA 11+ haihitaji vifaa zaidi ya mpira na uwanja. Ina mazoezi 15 na huchukua takriban dakika 20:
- kukimbia polepole na kunyoosha viungo, dakika 8;
- nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, dakika 10;
- kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo, dakika 2.

Ikifanywa angalau mara 2 kwa wiki, imeonyesha kupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Zoezi lake moja ni la misuli ya nyuma ya paja: mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye huinama mbele polepole akiwa amenyoosha mwili. Mahali pa vyuma, dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20 hivi.

Hatari

Hatari kubwa hutokea siku za kwanza za kurudi mazoezini. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Mnamo Mei 2018 Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland mwenye umri wa miaka 19, alipatwa na kiharusi cha joto katika mazoezi ya nje ya msimu, akafariki mwezi Juni. Uchunguzi ulionyesha kuwa hakutumbukizwa kwenye maji baridi kama ilivyopasa.

Dalili za kiharusi cha joto ni kuyumba, kuchanganyikiwa na kuanguka, huku joto la ndani la mwili likipita sentigredi 40. Mgonjwa apozwe kwanza, ndipo apelekwe hospitali. Pasipo na beseni kubwa, amwagiwe maji mengi mfululizo kivulini huku akipepewa. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Katika pwani ya Lindi, yenye joto na unyevu, ni salama zaidi kufanya mazoezi asubuhi na mapema au jioni.

Hatari nyingine huwapata wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu. Kwa kawaida watu hao ni wazima na wanaweza kushiriki michezo yote, lakini kazi kali ya ghafla kwenye joto inaweza kuwaangusha. Mwaka 2006 Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice alifariki baada ya mazoezi makali, na kutokana na kifo chake NCAA iliweka utaratibu wa kuwapima wachezaji kuanzia mwaka 2010. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu, hivyo jambo hilo linawahusu walimu wa michezo nchini. Kinga yake ni nyepesi: kuanza taratibu, kunywa maji, na kumruhusu mchezaji apumzike anaposema amechoka.

Tazama pia

- UMISSETA
- Suleiman Nyambui
- Selimundu
- Wilaya ya Kilwa