Bodi za Malori Kasese na Bwera

Lori linalonunuliwa likiwa chasisi na kabini pekee halibebi mzigo mpaka fundi aliundie bodi. Wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, kazi hiyo ilizidi kuwa muhimu kadiri mizigo ilivyohamia barabarani. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, hasa kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe iliyoyeyushwa Jinja. Mgodi huo ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni nazo zikakoma baadaye. Pamba, kahawa na chumvi ya Katwe vikabaki mikononi mwa wenye malori.

Ufundi wote uko pale bodi inapokutana na chasisi. Chasisi hujipinda kila gurudumu linapoingia shimoni, kwa hiyo fundi makini hulaza ubao mgumu kati ya chuma cha chasisi na chuma cha bodi, kisha hukaza kwa bolti zenye umbo la U. Kuchomelea bodi moja kwa moja kwenye chasisi ni kosa baya: joto hudhoofisha chuma, na ufa huanzia hapohapo. Juu ya chuma cha bodi huja sakafu, nguzo za ubavuni, mlango wa nyuma na matao ya kushikilia turubai.

Malori yenye bodi hizo hupita Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, njia ya kwenda Kasindi, Beni na Butembo nchini Kongo. Foleni ya forodha ikirefuka, lori hugeuka nyumba: dereva hujinyoosha kabinini, tandiboi hutandika juu ya magunia, chini ya turubai.