Mtetemo wa propela shafti

Mtetemo wa propela shafti, mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, ni hitilafu ya magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, na huwaandama zaidi wenye magari ya zamani. Dereva huusikia kwenye kiti na sakafu kuliko kwenye usukani. Wengi hulipia balansi ya matairi mara mbili tatu, na mtetemo ukabaki palepale.

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni mfano mzuri. Difu yake ina uwiano wa 4.7 kwa 1, kwa hiyo propela huzunguka karibu mara 5 gurudumu linapozunguka mara 1. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 8 kwa sekunde, propela kama mara 38. Ndiyo maana tairi bovu hutikisa gari ilhali propela huvuma. Mvumo ukianza, dereva huweka nyutro na kuliacha gari liserereke. Ukiendelea kwenye kasi ileile, injini haina kesi.

Mshukiwa wa kwanza ni krosi, msalaba mdogo wa mikono 4 ulio kwenye kila ncha ya propela. Kila mkono umevikwa kikombe chenye beringi za sindano. Fundi huingia uvunguni, huishika propela kwa mikono miwili, huisukuma juu na chini, kisha huizungusha huku na huku. Krosi nzima haichezi. Unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe ni dalili kwamba grisi ilikwisha zamani na sindano zinasagana kavu.

Kabla ya kufungua bolti, magurudumu yawekewe vigingi. Handbreki ya Series hukamata drami iliyo nyuma ya giaboksi, si magurudumu, hivyo propela ya nyuma ikitoka gari linaweza kujiondokea na fundi yuko chini yake!

Mitetemo mingine huzaliwa gereji kwenyewe. Krosi inayofanya kazi ikiwa imekunjika huharakisha na kupunguza mwendo mara 2 kwa kila mzunguko; ya upande wa pili hulifuta kosa hilo, mradi masikio yanayoshika krosi kwenye ncha zote mbili yawe kwenye mstari mmoja. Sehemu ya propela yenye meno ikichomolewa bila alama ya chaki, ikarudishwa meno machache pembeni, krosi mpya kabisa zitatetemesha gari kuliko zile mbovu.

Springi zilizoongezwa bamba huinua gari na kuzidisha kukunjika huko, bila kitu chochote kuchakaa.

Krosi zikiwa nzima, huenda propela imepoteza kibati cha balansi kilichochomelewa. Mafundi hufunga klipu ya mpira wa maji kwenye bomba la propela, hujaribu gari, kisha huihamisha kidogo kidogo hadi mvumo upungue. Bomba lililopinda kwa kugonga jiwe halitibiki kwa klipu. Hunyooshwa na kupigwa balansi kwenye mashine, au hubadilishwa.