Sadd al-Nahda: Bwawa la Ethiopia na Mgogoro wa Maji ya Nile

Bwawa Kuu la Mwamko wa Ethiopia, ambalo sisi tunaoishi Ghuba tumezoea kulisikia kwa jina la Kiarabu la Sadd al-Nahda, limejengwa juu ya Nile ya Buluu huko Guba, jimbo la Benishangul-Gumuz, karibu na mpaka wa Sudan. Lilifunguliwa rasmi tarehe 9 Septemba 2025. Kwa uwezo wa zaidi ya megawati 5,000, ndilo bwawa la umeme lililo kubwa kuliko yote barani Afrika. Kwa Waethiopia ni fahari, kwa Wamisri ni hofu, na Sudan iko katikati, ikipata faida na kubeba hatari kwa pamoja.

Habari za bwawa hili hutufikia hapa zaidi kwa Kiarabu, na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu imekuwa upande wa Misri. Lakini wengi wetu tuna jamaa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, nchi ambazo nazo zina haki katika mto huo huo. Ni vyema basi kulielewa jambo hili kwa pande zote.

Mto wenyewe

Nile ina matawi makubwa mawili. Nile Nyeupe hutoka nchi za Maziwa Makuu, hupita Jinja, kisha hupoteza maji mengi katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Nile ya Buluu hutoka Ziwa Tana, Ethiopia, na matawi haya hukutana Khartoum. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na mengi hushuka katika msimu mmoja wa mvua. Misri, yenye watu zaidi ya milioni 100, hutegemea mto huu kwa karibu maji yake yote. Ethiopia ina watu wengi zaidi ya hao, na karibu nusu yao hawajapata umeme majumbani.

Mikataba ya zamani

Mwaka 1902 Mfalme Menelik II aliahidiana na Waingereza kwamba hatajenga kitu cha kuzuia maji ya Nile ya Buluu bila makubaliano nao. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua zilizosema kwamba katika Sudan na nchi zilizotawaliwa na Waingereza, hapatajengwa kitu cha kupunguza maji ya Nile, wala katika maziwa yanayoulisha mto, bila ridhaa ya Misri. Tanganyika, Uganda na Kenya zikafungwa na barua hizo bila kuulizwa. Ndiyo maana Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, walikubaliana kwanza na Misri, na mhandisi wa Kimisri akawekwa pale kuangalia maji yanayotoka.

Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto wawili peke yao. Misri ilijiandikia mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Ethiopia haikuwamo, wala nchi za Maziwa. Mkataba huo ndio uliofungua njia ya Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970 na kuwahamisha Wanubi kama laki moja, wa Misri na wa Sudan.

Mtu yeyote aliyekaa afisini na mafaili anajua kanuni moja: hati humfunga aliyetia saini. Mwalimu Nyerere alilisema hilo mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru, alipozijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya 1929. Msimamo huo ulifuatwa na majirani zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania iliendelea na bomba la kupeleka maji ya Ziwa Viktoria Kahama na Shinyanga, ingawa Misri haikupendezwa.

Ujenzi na ujazaji

Waziri Mkuu Meles Zenawi aliweka jiwe la msingi tarehe 2 Aprili 2011, wakati Misri ikiwa katika misukosuko ya kuanguka kwa Mubarak. Wafadhili wa nje hawakutaka kuingia katika ugomvi, hivyo Ethiopia ililijenga zaidi kwa fedha za ndani: hati za dhamana zilizouzwa kwa wananchi, na makato ya mishahara ya watumishi. Waethiopia waishio nchi za nje nao walichanga. Kwa hiyo mgeni akilisema vibaya bwawa hili mbele ya Mhabeshi, aelewe kwamba huenda anasema juu ya mshahara wake.

Ziwa la bwawa hubeba mita za ujazo bilioni 74, kama mara moja na nusu ya maji yote yapitayo pale kwa mwaka. Ujazaji ulianza Julai 2020, na umeme wa kwanza ukatoka Februari 2022.

Ugomvi uko wapi hasa

Mitambo ya umeme hainywi maji. Maji yakishazungusha mitambo huendelea na safari yake hadi Sudan na Misri. Kinachopotea ni kile kinachokauka kwa jua na kile kinachozuiwa wakati wa kujaza. Basi swali kubwa si mwaka wa mvua, ni miaka ya ukame ikifuatana: Ethiopia itaachia kiasi gani, na nani ataamua? Misri inataka mkataba wenye nguvu ya sheria. Ethiopia inaona mkataba wa namna hiyo utarudisha mgao wa 1959 kwa mlango wa nyuma, na kuizuia kujenga tena juu ya mto wake.

Kwa Sudan, bwawa hupunguza mafuriko na kuzuia tope lisijaze bwawa lake la Roseires, lililo karibu chini yake. Lakini pasipo kupewa taarifa ya maji yanayoachiwa kila siku, watu wa Roseires wako hatarini. Mwishoni mwa Septemba 2025, wiki chache baada ya ufunguzi, sehemu za Sudan zilifurika. Misri iliilaumu Ethiopia kwa namna ilivyoachia maji, na Ethiopia ikakana.

Mazungumzo hayakukosekana. Machi 2015 viongozi wa nchi tatu walitia saini Khartoum Tamko la Misingi. Walikaa Washington, wakakaa chini ya Umoja wa Afrika, wakafika Baraza la Usalama. Desemba 2023 duru nyingine ilivunjika.

Afrika ya Mashariki inahusikaje

Mwaka 2010 Ethiopia, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kenya zilitia saini mkataba wa Entebbe, unaosema Nile itumiwe kwa haki na nchi zote za bonde lake. Burundi ilifuata mwaka 2011. Misri na Sudan zilikataa. Sudan Kusini iliporidhia mwaka 2024, mkataba ukaanza kazi Oktoba mwaka huo. Kenya nayo hununua umeme wa Ethiopia tangu mwaka 2022.

Lakini tusiione kuwa ni hadithi ya wanyonge wa juu na wakubwa wa chini tu. Tazama Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limejengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Umeme wa gridi ya Tanzania hufika Unguja na Pemba kwa waya zilizopita chini ya bahari, na waliokaa miezi mitatu gizani Unguja, kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kuelezwa thamani yake. Hata hivyo, chini ya bwawa kuna wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye unyevu mafuriko yakiondoka, na kuna mikoko ya delta inayoishi kwa maji matamu na tope la mto. Boriti za mikoko hiyo zilipakiwa majahazini kuja Sur na Maskati, na nyumba nyingi za wazee wetu ziliezekwa kwazo. Mkulima wa Rufiji hana jeshi wala kiti Baraza la Usalama, lakini swali lake ni lile lile la Mmisri: maji yataachiwa lini, kiasi gani, na nitaambiwa kabla?

Hilo ndilo la kusikiliza katika habari za Nile. Vitisho vya vita vimetolewa mara nyingi, na bwawa limejengwa hata hivyo. Haki ya Ethiopia kuwasha taa haipingiki tena. Kilichobaki ni karatasi moja inayoeleza desturi ya mwaka wa ukame, yenye saini tatu. Siku ya ufunguzi karatasi hiyo haikuwapo, na mvua za Ethiopia hazingoji saini.